Mchumba wa Mdhamini

Walikutana soko la Katesh siku ya mnada, Urban akiwa amekanyaga vitunguu saumu vya watu.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?" Severina alimfokea.

"Ninayo, dada. Yamekuona wewe yakasahau kazi."

Maneno ya kihuni, lakini yalisemwa na mwalimu aliyevaa koti lililopigwa pasi vizuri, na Severina akacheka bila kupenda. Kufikia mavuno walikuwa wakipigiana simu kila jioni, na hakuna aliyejua. Ndivyo Urban alivyotaka. Yeye alikuwa mdhamini wa mfuko wa hosteli ya wasichana, Severina alikuwa akigombea nafasi iliyo wazi katika bodi ya wadhamini, na katiba ya mfuko haikuruhusu mtu na mchumba wake kukaa bodi moja.

"Upite kwanza, mpenzi," alimbembeleza kwenye simu. "Mengine tutayasema baadaye."

"Baadaye hiyo ni lini?"

"Huniamini?"

"Nakuamini. Ila nimechoka kujificha kama mwizi."

Siku ya uchaguzi ukumbi ulijaa. Severina alivaa gauni la kitenge cha kijani. Aliwahi kulala hosteli hiyo akiwa mwanafunzi, akaijua baridi ya vyumba vyake, na nafasi ya kuirekebisha aliitaka kwa moyo wote. Mzee Bonaventura, mwenyekiti, akavaa miwani.

"Kabla ya kura. Kuna mdhamini mwenye undugu au uchumba na mgombea yeyote?"

Urban akainamia viatu vyake.

"Narudia. Kuna mdhamini?"

Akinyamaza, Severina anapata kiti. Akisema, anakikosa. Severina alilijua hilo vizuri, na bado alimwomba Mungu Urban aseme. Hakusema. Severina akasimama.

"Shikamoo, mwenyekiti. Yupo. Ni Urban."

Ukumbi ukalipuka. Mzee akagonga meza mpaka watu wakatulia.

"Marahaba. Huyu ni mchumba wako?"

"Muulize mwenyewe, mzee. Mimi hajawahi kuniambia."

Urban aliinuka, jasho likimtoka licha ya baridi ya ukumbini.

"Nilinyamaza ili apite. Nimekosea. Ni mchumba wangu, kama bado ananitaka. Mimi naacha udhamini leo hii, kura ziendelee."

Zikaendelea, na Severina akapita kwa tofauti ya kura chache.

Alimkuta Urban nje, amesimama peke yake getini, hana raha.

"Hongera, mama. Umenisamehe?"

"Bado. Umeniacha nikaumbuka mbele ya watu wote!"

"Nilikuwa nakutafutia kiti."

"Kiti ningetafuta mwenyewe. Wewe nilikutaka useme."

Machozi yalimlengalenga machoni.

"Basi nifanye nini, Severina?"

"Wapeleke wazee wako kwetu Bashay, kwa mama, wakanipose. Na wewe uwepo. Akiuliza nani anamtaka binti yake, usimngoje aulize mara mbili."