Mwalimu Chuma Apata Sauti Yake

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, nyumba yao ilianza kazi kwa wimbo. Mama alipopiga pasi sare, aliimba. Alipomimina chai, aliimba. Nyimbo zenyewe hazikuwa za redioni wala za mtu mwingine. Alizitunga papo hapo kwa chochote kilichokuwa mbele yake: kola iliyogoma kunyooka, sufuria lenye mpini uliolegea, soksi ya baba iliyopotea na kumwacha mwenzake mjane. Baba alikuwa fundi cherehani na alishonea sebuleni. Alikanyaga mashine yake kwa mwendo wa wimbo, na siku wimbo ukiwa wa haraka, suruali za watu ziliisha mapema.

Binti yao alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, nyumbani na shuleni walimwita Chiriku.

Mama alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule hiyohiyo, kwa hiyo walitoka pamoja. Njia nzima mama aliendelea kuimba chinichini mpaka walipofika kwenye kona yenye kibanda cha fundi viatu. Hapo wimbo ulikatika. Mama aliuvuta mkoba begani, akakaza uso, na hata mwendo wake ukabadilika. Aliyemwona upande wa pili wa kona angedhani ni pacha wake aliyeamka vibaya.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Chuma. Darasani alitumia sauti nzito na kavu, iliyokata maneno kama mkasi. Hakuna aliyewahi kuona meno yake. Chiriku aliipenda hali hiyo, kwa sababu mtoto wa Mwalimu Chuma hakunyang'anywa kalamu wala kusukumwa kwenye foleni ya maji. Kitu alichokiogopa ni kwamba siku moja wenzake wangegundua kuwa chuma chenyewe, kikifika nyumbani, kinaiimbia soksi.

Jumamosi moja rafiki yake, binti wa yule fundi viatu, alikuja kuazima bikari ya hesabu. Walikuwa wamesimama mlangoni wakati sauti ilipotoka uani, nyororo na pana, ikipanda taratibu kama moshi wa jikoni. Mama alikuwa akifua. Rafiki alisahau bikari. Akauliza ni nani anayeimba vizuri hivyo.

"Redio," Chiriku akajibu upesi.

Wimbo ukakoma katikati ya ubeti. Mama akatokea kwenye korido akiwa na ndoo mkononi na povu mpaka kwenye viwiko. Alimwitikia mgeni salamu zake, akamtazama binti yake kidogo tu, akasema, "Betri zimekwisha."

Tangu siku hiyo nyumba ikanyamaza. Pasi ilipita juu ya sare bila neno. Chai ilimiminwa kimyakimya. Baba, aliyezoea kushona kwa mdundo, alishonea mfuko kwenye goti la suruali ya mteja, akauliza kama kuna msiba ambao yeye hakuambiwa. Mama akamjibu kwamba amechoka. Chiriku alijua hakuwa amechoka, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwake alikosa la kusema.

Wakati huohuo mambo yaliharibika darasa la tatu. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alitangaza kwamba mkaguzi wa elimu atakuja baada ya wiki tatu kuwapima wanafunzi kusoma. Atakayeshindwa kusoma kwa sauti atarudishwa darasa la pili.

Katika darasa la mama kulikuwa na msichana mdogo, mwembamba, aliyeitwa Kibiriti kwa sababu ya kuwaka haraka. Alikuwa na kigugumizi. Mtu akimcheka, kofi lilitangulia, maneno yakafuata nyuma yakichechemea. Alikuwa amekwisha kurudia darasa mara moja, na safari hii baba yake alikwishasema kwamba akirudishwa tena atabaki nyumbani, kwani hana haja ya kusomesha mtoto asiyepanda darasa. Mama alijua kwamba Kibiriti anasoma vizuri kuliko wengi. Swali likiandikwa ubaoni, alilijibu lote daftarini bila kosa. Ila kusoma kwa sauti kulimshinda.

Siku moja Chiriku alitumwa kuomba chaki darasa la tatu. Akamkuta Kibiriti amesimama, kitabu mikononi, midomo imekwama kwenye herufi moja. Mama alimwambia, kwa ile sauti ya mkasi, asome. Kibiriti akajaribu. Nyuma wakacheka. Mama akapiga meza kwa rula, akaamuru kimya, na Kibiriti akadhani ameamriwa yeye. Akafunga kitabu na kukaa. Chiriku aliondoka bila chaki.

Jioni hiyo, akiwa anafanya kazi zake za shule nyuma ya pazia, alimsikia mama akimweleza baba kwamba ameandika barua ya kuomba kazi ya kupanga mafaili kwenye ofisi ya elimu. Baba alimuuliza kama anayapenda mafaili. Mama akasema hapana, lakini mafaili hayamwogopi mtu.

Chiriku alishindwa kuendelea. Alitoka nyuma ya pazia, akaketi mkekani karibu na miguu ya mama, akasema aliyokuwa ameyameza kwa siku kumi na moja. Alisema alidanganya kuhusu ile redio, na alijua anadanganya. Aliona aibu watu wajue kuwa mama yake anaimba, kwa sababu watu wakiacha kumwogopa mama, yeye naye atakuwa mtoto kama watoto wengine. Alipomaliza alikuwa analia.

Mama hakumgombeza. Aliikunja na kuikunjua barua yake. Kisha akasimulia kwamba wiki yake ya kwanza kazini aliwafundisha watoto kwa kuimba. Mwalimu mkuu, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa chumba cha jirani, akamwita koridoni na kumwonya kwamba mwalimu anayeimba atachezewa kama mpira. Akamshauri aige sauti yake kwanza, mpaka apate ya kwake.

"Nikaichukua," mama akasema. "Ni miaka kumi na minne sasa sijairudisha. Wewe umenificha mara moja, mwanangu. Mimi nimejificha kila siku pale konani, na wewe ulikuwa unatazama."

Baba aliacha kukanyaga mashine. Chiriku akafuta macho, na palepale mdomo wake ukafunguka tena kama kawaida. Akasema kuna jambo amelikumbuka. Kibiriti akiruka kamba na wenzake huimba mwanzo hadi mwisho, na kigugumizi hakimpati hata kidogo.

Mama alimtazama. Akamwomba arudie. Chiriku akarudia. Mama akaichana barua vipande vinne, akampa baba afungie vifungo.

Lakini kabla ya kulala alimwambia Chiriku kwamba bado ana deni la neno moja kwa rafiki yake. Kesho yake, bombani, Chiriku alimvuta pembeni yule binti wa fundi viatu na kumweleza kwamba ile haikuwa redio, alikuwa mama.

Rafiki yake akaendelea kujaza chupa ya maji. "Nilijua," akasema. "Redio gani inaimba habari za soksi ya baba yako?"

Wakacheka mpaka maji yakafurika.

Asubuhi hiyohiyo mama alikuwa amepita kwenye ile kona bila kukaza uso. Aliingia darasa la tatu, akaweka rula kabatini, akaandika sentensi moja ubaoni. Badala ya kuisoma, akaiimba. Watoto arobaini na wawili walikaa kama picha. Mmoja aliuliza kwa adabu kama mwalimu anaumwa. Mama akacheka, na hapo ndipo walipoona meno yake, wakashangaa kuwa ni meno ya kawaida. Akaiimba tena, akipiga mdundo kwa vidole juu ya meza. Mara ya tatu walimfuata wote. Mara ya tano mama alinyamaza, akawaacha waendelee, akapita kati ya madawati akisikiliza, mpaka alipofika kwa Kibiriti.

Kibiriti alikuwa amefumba macho. Maneno yalikuwa yakimtoka moja baada ya jingine, mazima, kama shanga kwenye uzi.

Kelele zilimleta mwalimu mkuu. Alisimama dirishani akasikiliza, kisha akamwita mama nje na kumuuliza kama amesahau alichomfundisha. Mama alijibu kwa heshima kwamba hajasahau, na kwamba anamshukuru, lakini anamrudishia sauti yake. Akaomba aachiwe mpaka siku ya mkaguzi. Watoto wakishindwa, lawama ziwe zake peke yake. Mwalimu mkuu aliguna, akasema haya, tutaona.

Wiki hizo darasa la tatu lilifanya kazi kuliko miaka yote. Nyimbo hazikuwa mchezo. Kila sentensi ilisomwa, ikaimbwa, ikaandikwa, ikasahihishwa. Mtoro alitafutwa, mvivu aliambiwa ukweli bila kutukanwa. Nyumbani nyimbo zilirudi kwenye pasi, na baba akashona magoti mahali pa magoti. Chiriku alikaa na Kibiriti kila mapumziko chini ya ngazi, wakianza kwa kuimba ukurasa, kisha wakiushusha wimbo kidogokidogo mpaka ukabaki mdundo tu wa kidole kwenye goti.

Siku ya mkaguzi ilifika. Alikuwa bwana mrefu mwenye miwani na fomu nyingi, na mkono wake haukuachana na kalamu. Watoto walisoma mmoja mmoja. Madarasa mengine yalikuwa yametulia, na Chiriku, ambaye kiti chake kilikuwa karibu na dirisha, aliweza kusikia kila neno ng'ambo ya kiwanja. Likaitwa jina la Kibiriti.

Kibiriti akasimama na kufungua kitabu kwenye hadithi ya kuku aliyetaga juu ya kabati. Herufi ya kwanza ikamkwama. Mtoto mmoja nyuma akaanza kucheka, jirani yake akamkanyaga. Mama, aliyekuwa amesimama ukutani, hakuruhusiwa kumsaidia. Kibiriti akashusha mkono mmoja, kidole chake kikaanza kugonga dawati. Akavuta pumzi, na akaanza kuimba.

Aliimba mstari wa kwanza na wa pili. Kwenye aya ya pili wimbo ulishuka ukawa nusu maneno ya kawaida. Aya ya mwisho aliisoma tu, kidole kikigonga, na alikwama mara mbili, akangoja, akaendelea. Kuku akashuka kabatini, hadithi ikaisha.

Mwalimu mkuu alimtazama mkaguzi. Mkaguzi alikuwa ameweka kalamu chini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma fomu yake tangu juu.

"Kanuni inasema mwanafunzi asome kwa sauti," akasema. "Haikusema sauti ya namna gani."

Akaandika alama. Darasa la tatu lilishangilia hivi kwamba fundi viatu aliacha nyundo yake, akatoka kibandani kuuliza kuna nini shuleni. Watoto arobaini na wawili walipimwa, na arobaini na wawili walifaulu. Jioni baba yake Kibiriti alikuja akiwa bado na vumbi la kazi, akataka kusikia mwenyewe. Binti yake akamsomea ukurasa mzima wa yule kuku. Aliusikiliza kofia ikiwa mkononi, akaomba asomewe tena.

Ijumaa iliyofuata mwalimu mkuu aliingia darasa la tatu wakati wa kipindi cha mwisho. Alimwita na Chiriku kutoka darasa la sita. Akaketi kwenye dawati la mbele, magoti yakimgusa kidevu, na watoto wakajizuia kucheka.

"Nimefundisha miaka thelathini na saba," akaanza. "Sauti niliyomwazima mwalimu wenu haikuwa yangu. Mimi nami niliazimwa na mkubwa wangu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mimi nasema sauti ya kuazima haimfundishi mtoto. Ukali una mahali pake, na kazi ngumu haina mbadala. Hawa wamefaulu kwa kufanya kazi. Lakini mtu akijificha, na wanaomzunguka hujifunza kujificha. Chiriku, wewe ulisema kweli ingawa ilikuuma, na kweli yako ikafungua milango mitatu: wa mama yako, wa Kibiriti, na huu wangu niliochelewa kuufungua. Usiionee aibu kweli yako, hata kama ni ndogo."

Kisha akamgeukia mama na kumwomba amfundishe wimbo mmoja, wowote ule, kabla hajastaafu.

Mama akampa chaki. Mwalimu mkuu akaandika sentensi ubaoni, akakohoa, akaimba. Sauti yake ilikwaruza kama bawaba iliyokosa mafuta, ikapotea njia mara mbili. Hakuna aliyecheka. Kibiriti akaanza kugonga dawati ili kumshikia mwendo, Chiriku akaingia, mama akaingia, kisha darasa zima. Kwenye korido milango ya madarasa mengine ikafunguka mmoja baada ya mwingine, na walimu wakatoka kusikiliza, chaki zikiwa bado mikononi.