Sentimita Tano za Chiriku

Kila jioni, kabla hajagusa daftari, Rula aliosha brashi za baba yake, mchora mabango. Jina la Rula lilimganda kwa sababu alipima kila kitu kwa rula, hata mkate kabla ya kuukata.

Siku hiyo aliosha huku akiimba. Mwalimu alikuwa amempa ubao wa kuupamba kwa ajili ya wageni wa kesho: "Dini Zetu na Haki za Binadamu". Darasani walikuwa Wakristo ishirini na wawili, Waislamu kumi na tisa, na Chiriku, msichana pekee wa dini ya Kihindu. Rula aliugawia ubao dini hizo tatu kwa chaki, sentimita tano kwa kila mtoto.

"Baba, njoo uone!"

Baba akavaa miwani. "Mistari imenyooka, mwanangu. Na hiki kiutepe cha pembeni?"

"Cha Chiriku. Yuko peke yake."

"Yeye alisemaje?"

"Nilipomwambia shuleni alinyamaza. Halafu akasema kesho haji."

"Chiriku anyamaze? Yule anayenong'ona hata kwenye mtihani? Basi umemuumiza."

"Lakini nimetenda haki, Baba! Kila mtu sawa!"

Baba akampa brashi. "Haya, andika humo 'heshima', nami nisome nikiwa mlangoni."

Rula akajaribu. Herufi zilibanana kama abiria wa daladala.

"Sioni kitu," Baba akasema. "Waislamu wataandika nini?"

"Kwamba mtu asilazimishwe dini, na mnyonge asidhulumiwe."

"Na Wakristo?"

"Kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo ana heshima yake."

"Kuna aliyeongeza kwamba watu wakiwa wachache wapunguziwe haki?"

Rula akatazama vidole vyake vilivyojaa rangi. Akachomoka mbio hadi kwa Chiriku, nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Nisamehe, shoga yangu. Ulitaka kuandika nini?"

Chiriku alinuna kidogo, kisha akashindwa kujizuia. "Kwamba Mungu yumo ndani ya kila kiumbe, kwa hiyo tusimdhuru yeyote, na kumhudumia mwenye shida ni ibada, na—"

"Jamani! Yote hayo ungeyaandika wapi?"

"Si ndiyo maana nikanyamaza!"

Wakacheka mpaka machozi. Walirudi pamoja kwenye karakana ya Baba, wakafuta chaki, wakapima upya: sentimita sabini kwa kila dini.

Kesho yake Chiriku aliwasomea wageni sehemu yake, kisha, bila kuombwa, akawasomea na zile nyingine mbili. Baba, aliyekuja kuutundika ubao, akamshika Rula bega.

"Umeona? Kila dini hapa imeanza na utu wa mtu, haikuanza na idadi ya waumini. Mkate unaweza kuupima utakavyo, mwanangu. Haki ya mtu usiipunguze kwa sababu yuko peke yake."

"Nimeelewa, Baba."

Mwalimu akakohoa mara ya tatu. Chiriku alikuwa bado anaongea.