Elema Anyoshwa Mguu

Asubuhi Tiya alichemsha chai. Mumewe, Elema, alikunywa kikombe kimoja chenye sukari tele, akachukua kamba na ndoo ya ngozi, akaenda kisimani. Ukame ulikuwa umekausha malisho yote nje ya mji wa Habaswein. Ngamia wao walikuwa mifupa inayotembea.

Elema alishuka kisimani, akawa anapandisha ndoo moja baada ya nyingine. Jasho lilimkauka likaacha weupe wa chumvi mgongoni. Hakunywa hata tone. Kwao, mwanamume hanywi kabla mifugo yake haijanywa.

Mara shavu la mguu likakaza kama jiwe.

"Wallahi nakufa!"

Wenzake wakamvuta juu.

"Tupishe," alisema Sugow, aliyengoja zamu ya ngamia wake. "Mguu wako umezeeka kabla yako."

Zamu ikapita. Ngamia wakarudi na kiu. Jike mwenye mimba akalala njiani, hakuinuka tena.

Nyumbani, mama yake Elema akatia chuma motoni. Mguu ule alikwisha kuuchoma mara mbili, na kidonda kimoja bado kilitoa usaha. Tiya aligeuza uso. Elema akishindwa kuteka maji, watabaki na nini? Hakuona njia.

Kelele zikamleta jirani yao Kagendo, muuguzi wa zahanati.

"Mama, weka chuma chini, nakuomba."

"Moto ndio dawa ya mguu, sista."

"Mbona basi hajapona?"

Kagendo alimnyosha Elema goti, akavisukuma vidole vya mguu taratibu kuelekea uso wa Elema mwenyewe, akashikilia. Kisha akamkanda. Elema akaacha kusaga meno.

"Leo umekunywa nini?"

"Chai."

"Na maji?"

"Ngamia hawajanywa, mimi ninywe? Watu watanionaje?"

"Ngamia unamlambisha chumvi, wewe je? Jasho linakutoa maji na chumvi. Misuli ikichoka na ikakauka, inakaza. Kunywa kabla ya kushuka. Pumzika. Ukitoka jasho jingi, koroga kwenye maji safi ile pakiti ya chumvi na sukari tunayowapa watoto wanaoharisha. Mguu ukivimba, au maumivu yasipoisha, njoo zahanati. Na hicho kidonda twende nikakisafishe."

Kesho yake Elema alikunywa maji mbele ya watu, macho chini.

"Tazameni ngamia mpya!" Sugow alicheka.

Elema alishuka, akateka mpaka zamu yake ikaisha. Mguu haukukaza. Ngamia waliobaki wakanywa.

Mvua haikuja mwezi ule, wala uliofuata. Ngamia walizidi kukonda. Ila kila zamu yao ilipofika, Elema alishuka akiwa amekunywa, na maji yakapanda.