"Ee" ya Mama Haikuwa Ndiyo

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yangu. Kuna cherehani moja, meza ya kukatia, pasi ya umeme, na kiti cha mama karibu na dirisha. Mama hukaa hapo kutwa. Anachambua vifungo, ananiambia mshono upi umekwenda upande, na anasikiliza redio.

Redio hiyo ndiyo iliyonitia wivu. Nasema wazi, kwa sababu nilichelewa sana kusema.

Redio ni ya jamii. Ina vyumba viwili tu, juu ya duka la saruji na mabati. Wiki nzima inatangaza kwa lugha ya wengi. Jumamosi asubuhi inatoa saa moja kwa lugha yetu, na mdogo wangu ndiye mtangazaji. Sisi ni watu wachache. Babu zetu waliishi msituni. Msitu ulipozungushiwa uzio wakahamishwa, na sasa tumetawanyika mitaani. Saa hiyo moja ndipo pekee tunaposikia habari zetu zikisemwa na sisi wenyewe.

Basi mdogo wangu akipita sokoni, watu wanasimama kumsalimia. Wanamchagulia nyanya nzuri. Watu hao hao nimewashonea sare za watoto wao miaka kumi na miwili, na nyanya zangu zinatoka chini ya fungu.

"Umemsikia mwenzio leo?" mama aliniuliza Jumamosi moja.

"Nimemsikia. Amekosea neno la mzinga wa nyuki. Ametamka kama anataja kinu."

"Kukosea amekosea," mama alisema. "Lakini amesema."

Jibu hilo liliniuma kuliko sindano. Lugha yetu naijua kumshinda. Mimi ndiye niliyelala chumba kimoja na bibi mpaka nikawa mkubwa. Sasa sifa zote anapewa yeye, anayesoma kwenye karatasi.

Mwezi huo akaja Bwana Kamera. Tulimwita hivyo kwa sababu jina lake halikutukaa kichwani. Alikuwa anatengeneza filamu kuhusu jamii ndogo ndogo. Alianzia redioni, na mdogo wangu akamwambia, "Ngoja kwanza. Tukae na mama, tujue unataka nini, ndipo urekodi." Bwana Kamera alikuwa na haraka. Siku ya Jumanne, mdogo wangu akiwa kazini, akaja kwangu moja kwa moja.

Na mimi ningepaswa kumwambia angoje. Lakini nilijiona kwenye filamu, na mdogo wangu amebaki kwenye redio yake ya vyumba viwili. Nikamkaribisha. Nikajipaka poda, nikakaa kwenye cherehani.

Alimwelekezea mama kamera, akaanza kueleza kwa lugha ya wengi.

"Mama, picha hizi tutazionyesha sehemu mbalimbali."

"Ee," mama akasema.

"Maneno ya kuweka tutachagua wenyewe."

"Ee."

"Na tutazitumia wakati wowote."

"Ee."

"Safi sana," Bwana Kamera akaniambia. "Mama hana neno."

Hapa naomba unielewe vizuri. Kwetu, mtu akizungumza, msikilizaji huitika "ee". Maana yake ni nakusikia, endelea. Usipoitika utaambiwa huna adabu. Anayekubali jambo hasemi "ee". Hulirudia lote kwa maneno yake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Mama hakurudia kitu. Alikuwa bado anasikiliza.

Mimi nilijua hilo. Nikajifanya hamnazo, maana ningesema, kamera ingefungwa.

"Na mdogo wako wa redioni," Bwana Kamera akauliza, "anaijua lugha?"

Nilicheka kidogo. "Yule anaokoteza maneno. Lugha yenyewe anayo mama peke yake."

Akaandika.

Baada ya miezi mitatu filamu ikaenea kwenye simu. Mteja alinionyesha nikiwa nampima kiuno. Mama alionekana kwenye kiti chake, mguu wake wenye kidonda umevutwa karibu na kamera. Chini yake kulikuwa na maandishi: "Msemaji wa mwisho wa lugha inayokufa." Mimi sikuwemo. Kilionekana kiwiko changu tu.

Siku mbili baadaye mdogo wangu akaja uso umemshuka. Akakaa juu ya furushi la vitambaa.

"Meneja wa redio ameiona ile filamu," alisema. "Anauliza kwa nini atoe saa nzima kwa msikilizaji mmoja. Jumatatu ijayo wana kikao. Wanataka kukifuta kipindi."

Siku zote nilitamani akikose kipindi hicho. Sasa alikuwa anakikosa, na sikuona raha hata chembe. Mama naye alikuwa anakikosa. Watu wetu wote walikuwa wanakikosa.

"Nani alimwambia yule bwana kuwa mama amebaki peke yake?" mdogo wangu aliuliza.

"Sijui," nilisema. Nikakanyaga cherehani ili nisiulizwe tena.

Kesho yake alikuja Bi Nyaya kuchukua suruali yake. Yeye ndiye fundi mitambo wa redio. Tunamwita hivyo kwa sababu mfukoni mwake hamkosi kipande cha waya, na ndiyo maana kila mwezi namshonea mifuko upya.

"Bi Nyaya," nilimuuliza, "filamu ikimsema mtu vibaya, inarekebishika?"

"Inarekebishika. Kwanza, mama yako aliridhia?"

"Aliitika."

Bi Nyaya amefanya kazi na watu wetu kwa miaka mingi. Alinitazama. "Aliitika au alirudia?"

Nikaendelea kukata nyuzi za suruali yake.

"Basi hakuridhia," alisema. "Kuridhia ni mtu aelewe kwanza, kwa lugha anayoijua vizuri. Aambiwe nani anarekodi, kwa kazi gani, na itaonyeshwa wapi. Halafu akubali au akatae bila kusukumwa. Anaweza kukubali kipande hiki na kukataa kile."

"Lakini mwenye kamera ni yeye."

"Kamera ni yake. Uso ni wa mama yako, na maneno ni ya mama yako. Mkisemwa uongo mna haki ya kudai usahihishwe. Waandikieni barua, yeye na meneja. Semeni kipi si kweli, kweli ni ipi, na mnataka nini kifanyike. Ila barua inataka shahidi. Nani alikuwepo?"

"Mimi," nilisema. "Na kuna neno nililisema kwa wivu."

Bi Nyaya alikunja suruali yake. "Hapo sasa tafuta fundi mwingine. Mimi natengeneza mitambo tu."

Mchana huo nilimwita mdogo wangu nikamweleza yote mbele ya mama. Kila neno lilitoka kwa shida.

"Kwa hiyo dada, ulitaka ninyang'anywe kipindi?"

"Nilitaka. Nakuonea wivu."

"Mimi je? Unajua kwa nini nasoma kwenye karatasi? Naogopa kukosea. Najua uko hapa unanisikiliza. Wewe uliachiwa lugha yote, mimi nikapewa makombo."

"Makombo yapi?" mama akadakia. "Bibi yako akisimulia, wewe ulikuwa unasinzia."

Tulitaka kucheka, lakini mama hakucheka.

"Mwenye kamera hakuniuliza," alisema. "Na nyinyi hamkuniuliza. Mnagombania lugha iliyo mdomoni mwangu, na mwenye mdomo nipo hapa nimekaa."

Mdogo wangu akachukua karatasi. Mimi nilisema yaliyotokea, yeye akaandika, na mama akatukatiza kila tulipotia chumvi. Barua mbili zikaondoka siku hiyo.

Jumamosi tulimpandisha mama ngazi za redio, mmoja huku na mwingine huku. Studio imebandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Mama alizitazama akauliza kuku wako wapi. Kisha akasema hewani, kwa lugha yetu:

"Mimi si wa mwisho. Anayenielewa apige simu, anieleze mzinga unatundikwaje."

Simu ya kwanza ilikuwa ya mwashi. Ya pili ilikuwa ya muuguzi. Wa tatu alipiga kumwambia mwashi kuwa hajui kitu. Wakabishana hewani, kwa lugha ambayo filamu ilisema inakufa. Watu thelathini na sita walipiga mpaka saa ikaisha, na wengine hawakupata nafasi. Meneja alikuja kusimama mlangoni.

"Hawa watu wa mwisho wana kelele," alimwambia Bi Nyaya.

Jumatatu kikao kiliamua kipindi kibaki. Wiki iliyofuata Bwana Kamera akaiondoa filamu, akaja mwenyewe. Safari hii mimi nilitafsiri kila sentensi. Mama aliitika "ee" nyingi, na Bwana Kamera akatulia, akasubiri. Mwishoni mama alirudia kwa maneno yake kile alichokikubali. Kipande kimoja alikikataa.

"Mguu huu ni wangu na daktari wangu," alisema. "Utoe."

Akautoa, na yale maandishi ya uongo pia.

Siku hizi kipindi chetu ni cha saa mbili. Mdogo wangu anaongoza, mimi nasahihisha maneno, na mama anasimulia. Juzi mdogo wangu alipokea simu hewani, akajitambulisha vizuri. Mpigaji akamwambia, "Sawa binti, sasa tupishe tumsikie mama." Mdogo wangu alinitazama. Nikajaribu kusaidia, nikasema dada mtu nami nipo. "Na wewe pia tupishe," yule mtu akasema.

Roho ikatuuma sote wawili kwa pamoja. Mama akatuambia tusogee, tunamzibia kipaza sauti.