Jina Kiunoni mwa Mahameli

Gulnar Rafaqat wa Rampur alifariki kwa homa Jumanne, tarehe 3 Oktoba, siku kumi na moja kabla ya harusi yake. Nguo yake ilikuwa bado kwenye fremu, katika karakana ya mjomba wangu Iftikhar mjini Bareilly. Ilikuwa sketi ya mahameli nyekundu, iliyotariziwa na mafundi sita kwa siku arobaini. Mama yake alipiga simu akasema isiletwe, hataki hata kuiona.

Kwa mjomba, kila bibi harusi huandikwa jina lake kwa waya wa dhahabu ndani ya ua moja la kiunoni, ubavu wa kushoto. Asiyeambiwa halioni. Kwenye hariri, jina likikosewa hufumuliwa, kitambaa kikanyunyiziwa maji na kunyooshwa. Mahameli haifumuliwi. Sindano ikishapita, tundu linabaki. Fundi wa Bareilly hufundishwa hilo wiki ya kwanza ya kazi.

Ndoa ya binti wa mjomba, Tarannum, ilipangwa Ijumaa, tarehe 1 Desemba. Kwetu nguo ya ndoa hutoka upande wa bwana harusi, lakini safari hii mama mkwe alikataa huku akicheka. "Nimnunulie nguo binti wa Iftikhar? Mji mzima utaniona punguani. Baba yake na ajisumbue." Mjomba akaahidi nguo ambayo Bareilly haijapata kuiona. Kisha kazi za wateja zikamzidi. Katikati ya Novemba alikuwa hajapiga hata mshono mmoja.

Aliwapa mafundi mapumziko ya siku moja, akafunga mlango. Alifumua jina la Gulnar, akapitisha mvuke wa birika juu ya matundu, akatarizi la Tarannum palepale. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Jumatano kabla ya ndoa, Tarannum aliijaribu nguo mbele ya mama yake. Ilimkaa sawasawa. Baada ya dakika chache alisema kuna kitu kinamchoma kiunoni. Mama yake aliigeuza sketi ndani nje, akapapasa kila mshono. Hapakuwa na sindano. Walicheka, wakasema mahameli imejua nani mwenye ngozi laini.

Alhamisi asubuhi, wakati wa kumpaka manjano, mama yake aliona vidoti vya damu ubavuni mwake. Alivifuta. Vikarudi. Alivitazama vizuri, kutoka kulia kwenda kushoto, kama anavyosoma gazeti la Kiurdu.

Vilisomeka Gulnar.

Alimfuata mumewe karakanani. Mama Tarannum mwenyewe ndiye aliyenieleza waliyosemezana.

"Baba Tarannum, nguo hii ilikuwa ya nani?"

"Ya binti yetu."

"Nimekuuliza ilikuwa ya nani."

Ndipo alipomweleza yote. Mama Tarannum alitaka nguo ichomwe siku ileile, binti aolewe hata kwa shalwari ya nyumbani. Mjomba alimsihi. Wageni walikuwa njiani, na wakwe wangeuliza iko wapi ile nguo ya ahadi. Alishonea bitana mbili za pamba ndani ya kiuno. Alisema zitatosha.

Ijumaa mchana wakili wa ndoa na mashahidi wawili waliingia chumba cha wanawake. Tarannum aliketi kitandani, uso umefunikwa.

"Tarannum binti Iftikhar, umeridhia ndoa hii?"

Kimya. Aliulizwa mara ya pili, na ya tatu. Kimya. Wanawake walitabasamu. Bibi harusi akinyamaza huhesabiwa kuwa ameona haya na ameridhia. Wakampa kalamu atie saini.

Aliandika Gulnar.

Sheikh aliyefungisha ndoa alidhani ni woga, akaagiza fomu nyingine. Aliandika vilevile, bila kusita. Ya tatu, mjomba aliushika mkono wa binti yake akamwandikisha. Nimeziona fomu zote tatu. Mwandiko wa zile mbili za kwanza si wa Tarannum.

Jioni Tarannum alivua nguo ile, akala, akacheka na mashangazi. Vidoti vilikauka. Mjomba aliswali rakaa mbili za shukrani.

Mume wa Tarannum aliniambia kwamba baadaye mkewe alianza kuchelewa kuitika. Unamwita mara moja, hageuki. Mara ya pili, hageuki. Kisha akaacha kabisa kuitikia jina hilo.

Jumamosi, tarehe 13 Januari, alitoka nyumbani asubuhi bila kuaga. Saa sita simu ya mjomba ililia. Alikuwa mama yake Gulnar. Alisema neno moja tu, njoo.

Mjomba alifika Rampur saa nane. Tarannum alikuwa ameketi jikoni kwa mama Gulnar, anamenya vitunguu. Alikuwa hajawahi kuingia nyumba ile. Mama Gulnar alinong'ona kwamba hakuonyeshwa kisu kilipo. Alikitoa mwenyewe nyuma ya pipa la mchele, kinakofichwa watoto wasikifikie.

"Mwanangu, twende nyumbani," mjomba alisema.

Aliinua uso. Akavuta ushungi kichwani, kama binti afanyavyo mbele ya mwanamume mgeni.

"Salaam aleikum, fundi," alisema kwa adabu. "Nguo yangu imekwisha?"

Mjomba alipiga hatua moja. Mama Gulnar akasimama katikati yao.

Mjomba alirudi Bareilly kwa basi la saa kumi na moja, peke yake.