Sauti ya Pili Kwenye Wimbo wa Habonimana

"Hiyo ni mara ya saba," Bonifasia alisema. "Nimekaa hapa nakuhesabu tu. Wimbo wenyewe una nini?"

Speciosa alikuwa ameinama nyuma ya mashine ya fotokopi, hedifoni masikioni, na kidole chake kikaurudisha wimbo mwanzo tena. Bonifasia, shoga yake aliyeuza vocha kwenye meza ya mlangoni, alishazoea kumwona hivyo. Steshenari ile ndogo ya Kanazi ilijulikana kwa mambo mawili: kopi zisizofifia na masikio ya mwenye duka.

Wimbo ulitoka kwenye kundi la WhatsApp lililoitwa Sikio la Wimbo. Humo walikutana wanamuziki wasio na studio wala meneja, wa Ngara, wa Biharamulo na hata wa ng'ambo ya mpaka, wakitupia nyimbo walizojirekodi kwa simu. Sharti lilikuwa moja: kuandika "safi sana" na kuondoka ni marufuku. Ukisikiliza, useme kilichokuingia na kilichokukwaza. Wengi walibabaisha. Speciosa hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini hakumvunja mtu moyo pia. Angekuambia gitaa lako linayakanyaga maneno, ubeti wa tatu unarudia wa kwanza, simu umeishika karibu mno na mdomo. Kisha angekuonyesha pa kuanzia. Yeye mwenyewe aliimba kwaya ya parokia miaka kumi, mpaka alipopasuliwa rovu shingoni akaamka na sauti ya kukwaruza. Kuimba kukaishia hapo. Kusikiliza kukabaki.

Humo ndimo alimompata Habonimana. Mrundi huyo alikimbia mwaka 2015 akafikia Lusahunga kwa baba yake mdogo, mzee aliyehamia tangu mwaka sabini na mbili. Alikuwa akiziba pancha za malori. Mchana, madereva wakienda kula, yeye alijifungia kwenye kebini ya lori na kurekodi, maana humo hakuna mwangwi. Wimbo wake wa kwanza Speciosa aliuandikia mistari minne, naye akajibu kwa kumi. Ikapita mwaka na nusu. Sasa ilikuwa Jumatano ya mwezi wa saba, 2018, na Jumamosi wazee wa Habonimana walikuwa waje kujitambulisha kwa baba yake Speciosa. Rubisi, pombe ya ndizi ya kuwapokelea, ilishaanza kuchachuka.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Habonimana alimtungia marehemu mkewe, Nimpaye, aliyeimba naye kwaya kwao, ambaye kwa maneno yake alichukuliwa na mto Ruvubu siku waliyovuka. Alipoutupia kundini mwezi wa kwanza, akiimba peke yake, Speciosa alimwandikia: "Unaita, hakuna anayeitika. Wimbo huu unataka sauti ya pili, ya mwanamke. Itafute." Leo umerudi, na sauti ya pili imo. Kundi zima lilikuwa limechemka. Mwenye studio mmoja wa Kahama aliyeahidi kurekodi wimbo mmoja bure alishaandika: "Nachagua kesho kutwa. Namsubiri Speciosa aseme."

"Bonifasia, njoo uvae hizi," Speciosa alisema. "Usisikilize maneno. Sikiliza pumzi, kabla ya kiitikio."

Bonifasia akavaa hedifoni, akafumba macho.

"Nasikia mtu anavuta pumzi."

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Ni wawili. Kwaya yetu tulikaa miaka mitatu ndipo tukapumua pamoja hivyo, na mwalimu yupo mbele anatupungia mkono. Na huyu mwanamke humeza mwisho wa neno kama anavyomeza yeye. Hajafundishwa juzi."

"Labda ni dada yake."

"Hana dada."

Bonifasia alivua hedifoni polepole. "Mapenzi ni kikohozi, shoga," alisema, kisha akajuta kwa nini amesema.

Speciosa akaandika ujumbe: "Aliyeimba na wewe ni nani?"

Jibu likaja haraka: "Mwanakwaya mwenzangu wa zamani, mpenzi. Umeupenda?"

"Wa zamani lini?"

Habonimana aliandika, akafuta, akaandika, akafuta. Speciosa hakungoja. Akapiga.

"Nimpaye hakufa," alisema hata kabla ya salamu.

Upande wa pili lori lilipiga honi.

"Habonimana, ndiyo au hapana?"

"Alipatikana mwezi wa tatu," alisema kwa sauti ndogo. "Yuko kambini, Kibondo. Walinipigia wale wanaotafuta ndugu waliopotea."

"Mwezi wa tatu. Mwezi wa tano ulikuja hapa ukala na baba yangu sahani moja."

"Nilitaka kukuambia, Speci."

"Lini?"

"Wimbo ukishapita."

Speciosa alikata simu. Akatoa kopi za vyeti vya watu wawili waliokuwa wakisubiri, akazipanga vizuri, akawapa, na mmoja wao akamuuliza kama anaumwa. Akasema ni vumbi.

Alhamisi saa sita mchana bodaboda ilisimama mlangoni, na Habonimana akashuka, nywele nyekundu kwa vumbi la njia nzima kutoka Lusahunga. Bonifasia alimwangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani, akabeba kiti chake akakaa nje, si mbali sana.

"Amahoro, Speci."

"Amahoro. Kaa."

Hakukaa. "Nilimlilia miaka mitatu," alisema. "Sikukudanganya wakati ule. Waliponipa simu nikasikia sauti yake, nilikaa chini, barabarani, malori yananipita. Lakini na wewe nakupenda. Mungu anaona."

"Najua unanipenda. Ndiyo maana inauma. Ungekuwa tapeli tu ningekutukana, nikarudi kwenye kopi zangu."

"Basi Jumamosi wazee waje. Kambini ni mbali. Yeye atakaa kule, wewe huku. Mimi nitajua namna ya kwenda na kurudi."

"Wazee wako wanajua yuko hai?"

Habonimana alitazama sakafu.

"Baba yangu ni katekista. Unataka nimwambie aombee nini siku hiyo?" Sauti yake ya kukwaruza ilikuwa imeanza kukatika. "Na yeye Nimpaye, anajua mimi ni nani?"

"Anajua wewe ni dada wa kundini unayetusahihisha. Anakuheshimu sana."

"Ananiheshimu."

"Speci, nisikilize." Akasogea, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta, mikono ile yenye weusi wa matairi usiotoka kwa sabuni. "Nimekukosea, nitalipa. Lakini jamaa wa Kahama anachagua kesho, na anakusubiri wewe. Nakuomba usiniharibie wimbo."

Hapo ndipo Speciosa alipoumia kupita kiasi. Tangu jana alikuwa akijiambia kwamba akija, atakuwa amemfuata yeye. Kumbe safari yote ile, vumbi lote lile, mtu kafuata maoni ya wimbo. Alimwangalia uso ule alioupenda, akatamani awe kipofu kwa dakika tano tu.

"Nenda," alisema. "Na Jumamosi mtu yeyote asije kwetu."

"Na wimbo?"

"Nimesema nenda, Habonimana."

Ijumaa asubuhi alimkuta mzee Emilian, baba yake, akionja rubisi kwa kibuyu kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Imekubali, onja. Wale wageni wako watasimulia."

"Hawaji, baba."

Mzee alishusha kibuyu. "Wamepata msiba?"

"Mke wake amepatikana. Yuko hai."

Wakimbizi waliokuja miaka ya tisini, Emilian aliwagawia wengi uji kwa mikono yake, na alijua watu waliozikwa kwa maneno wakarudi kwa miguu. "Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu," alisema. Kisha akaona uso wa bintiye. "Yeye amejua lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Kumbe," mzee alisema. Akafunika mtungi. "Pombe tutawapa majirani. Nenda kazini mwanangu. Nyumbani hapa watakuja kukuuliza maswali."

Alikwenda. Alikuta ujumbe kwenye simu, namba asiyoijua.

"Amahoro dada Speciosa. Mimi ni Nimpaye, ndiye niriimba na Habonimana. Unisamehe Kiswahiri changu. Namba nimetoa kwa kundi. Ameniambia wewe ndiye urisema atafute sauti ya piri, ndiyo akaja kuniambia niimbe. Tangu ule mto nirikuwa siimbi tena. Kira nikifungua mdomo naona maji. Niambie ukweri dada, nimeharibu wapi?"

Speciosa alimpa Bonifasia simu. Bonifasia alisoma, midomo ikicheza.

"Mwambie," alisema. "Sasa hivi. Mwambie mume wake alikuwa anakuja kuposa kesho."

"Halafu?"

"Halafu ajue."

"Atafungua mdomo aone maji na mimi nimo. Aliyenikosea siye yeye, Bonifasia."

"Basi uangushe huo wimbo. Neno lako moja tu. Sema haujaiva, waende zao wote wawili."

Hilo Speciosa alikuwa amelifikiria usiku kucha, na hatuwezi kumficha: lilikuwa tamu. Neno moja tu. Na nani angejua? Alivaa hedifoni, akausikiliza mara ya mwisho, kuanzia mlango wa kebini unapobamizwa mpaka mwisho. Pale kwenye kiitikio, zile pumzi mbili zilipovutwa kama moja, machozi yakamtoka. Wimbo ulikuwa mzuri. Alitamani uwe mbaya, nao ulikuwa mzuri.

Akaandika kundini, taratibu, kama anavyowaandikia wengine:

"Kilichoniingia: kiitikio. Anayeita na anayeitika wanapumua pamoja, na hilo halipatikani studio. Kilichonikwaza: ubeti wa pili mwanamume anaimba kwa nguvu mno, anamfunika mwenzake. Arudi nyuma, amwachie nafasi, yeye amekwisha kuimba peke yake vya kutosha. Mkirekodi, mwanamke awe huyuhuyu, msimbadilishe na msanii mwingine. Huu ni wimbo wake bora kuliko zote alizotuletea."

Haikupita robo saa, yule wa Kahama akajibu: "Nimechagua huu. Waje wote wawili." Kundi likajaa pongezi. Habonimana aliandika neno moja, "Urakoze," asante ya kwao, na hakutaja jina.

Kisha Speciosa akamjibu Nimpaye peke yake: "Hujaharibu popote. Usimeze mwisho wa maneno tu. Na usiache tena kuimba."

Alirudi kwenye mashine. Kulikuwa na mwalimu mwenye mtihani wa kurudufu, karatasi mia mbili. Alipofika kama ya themanini, simu ikalia mlio wa ujumbe.

"Dada, Mungu akuripe. Nimeria kwa furaha. Nimemwambia Habonimana, wewe ukiorewa tutakuja huko Kanazi tukuimbie, mimi na yeye, bure kabisa. Amekubari. Usisahau kutuita."

Speciosa alisoma mara mbili. Vidole vyake vilitulia kwenye kioo, vikaandika, "Asante Nimpaye. Nitawaita," vikatuma.

Karatasi za mtihani ziliendelea kutoka, moja baada ya nyingine, mpaka zikaanza kumwagika sakafuni. Mwalimu aliinama kuziokota, akashangaa kuona mwenye duka ameweka paji la uso juu ya mashine, mabega yakimtetema, na kilio chake hakina sauti kabisa. Bonifasia alimshika mwalimu mkono akamtoa nje.

"Utazifuata kesho, mwalimu," alimwambia, na akavuta mlango wa duka.