Mawe Chini ya Mashine

Jioni ile nilikwenda karakana kuchukua maranda ya kuwashia moto. Hilo tu. Sikwenda kutafuta mashetani. Kwa umri wangu, yakinitaka yanajua nilipo.

Karakana ni ya mwanangu, iko nyuma ya nyumba. Alikuwa amejiundia mashine ya kukereza mabakuli makubwa ya mti, yale ya kubeba kwa kukumbatia. Mhimili wake ni ekseli ya lori, mota ameing'oa kwenye kinu kibovu, fremu kaichomelea mwenyewe. Ilikuwa na ila moja. Akifunga gogo zito, inatembea sakafuni kama mlevi anayetafuta mlango. Siku moja gogo lilichomoka, likapita karibu na sikio lake. Mkewe, mwenye mimba kubwa, akamwambia, "Endelea tu, baba. Mtoto nitamwonyesha kofia yako."

Basi akaunda sanduku la chuma chini ya mashine, akalijaza mawe. Kuanzia hapo ikatulia. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake.

Nilipofika mlangoni, ilikuwa inazunguka. Polepole. Grrr... grrr... Lakini mota haikulia.

Mwanangu alisimama mbele yake, patasi mkononi, hapepesi macho.

"Zima basi, giza linaingia."

"Sijaiwasha, mama."

Nikatazama ukutani. Waya ulikuwa umechomolewa, umelala sakafuni.

Kisha ikaja harufu. Si ya mbao. Ya udongo... udongo wa chini kabisa, usioonja jua.

"Inazunguka kinyume," akanong'ona.

Bakuli hufungwa kwenye mhimili kama kifuniko cha chupa. Ukilizungusha kinyume, linafunguka. Na lilikuwa linafunguka. Mzunguko ukaongezeka. Bakuli likaanza kucheza, mdomo wake umemwelekea yeye.

"Ondoka hapo!"

"Siwezi, mama... Nimeshikwa mguu."

Sikutazama kilichomshika. Nilimkamata ukosi wa shati nikamvuta kwa nguvu zangu zote, tukaanguka wote wawili kwenye maranda.

Bakuli likaruka.

Likapita pale kilipokuwa kichwa chake, likapasukia ukutani.

Mashine ikasimama. Yenyewe, kama ilivyoanza.

"Mawe uliyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Bondeni. Lilikuwa rundo tu, mama. Halina jina, halina mwenyewe."

Rundo lile nalijua. Nilikuwa msichana alipozikwa bibi mmoja aliyekuwa akiingia nyumba za watu bila kufungua mlango. Tulipomfukia, kila mtu aliweka jiwe, zito kadiri ya nguvu zake. Wala haikuwa heshima. Tulikuwa tunamkandamiza asiamke. Na huyu fundi wangu, katika mawe yote ya dunia, alikwenda kuchagua yaliyo mazito.

Alfajiri tuliyarudisha yote kwa toroli. Pale chini ardhi ilikuwa imebonyea, kama godoro alilotoka mtu.

"Labda mvua," mwanangu akasema.

"Mvua gani, nyasi zimekauka hivi?"

Tukarundika mawe juu ya shimo, tukaondoka bila kugeuka nyuma.

Mkewe amejifungua salama, mtoto wa kiume. Mwanangu amerudi kazini, maana watu hawali hofu. Sanduku chini ya mashine ni tupu, nimelichungulia mwenyewe. Mashine ingepaswa kucheza. Haichezi. Nilipomuuliza, alisema siku hizi amejua kufunga gogo.

Jana jua likizama nilipita dirishani kwake. Gogo kubwa kuliko yote lilikuwa linazunguka, na mashine imetulia tuli kama imeota mizizi. Harufu ile ya udongo ikanigusa pua.

Hakuniona. Alikuwa ameinamisha kichwa, kwa adabu kabisa, anasema na upande wa pili wa mashine ambako hapakuwa na mtu.

"Hapo hapo, bibi. Shika hivyo hivyo."